Popo wa Paa la Mkunga

Daktari wa popo alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilimtaka afurahi popo wachanga wakikua. Lakini alfajiri ile, akiwa juu ya ngazi chini ya ukingo wa paa la mkunga, alitamani wasikue. Alitamani wabaki kama walivyozaliwa, vidude vya rangi ya waridi visivyo na manyoya, vimeng'ang'ania vifua vya mama zao. Maana siku ambayo mtoto wa mwisho angeweza kuruka na kujitafutia wadudu ndiyo siku mwanya wa paa ungezibwa, na mwanya ukizibwa, yeye angekosa kisingizio cha kugonga mlango wa nyumba ile.

Watu walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumdunga mtu sindano. Alikuwa mtafiti katika kituo cha wanyama, mwanamke aliyeuaga usichana bila kuupa kisogo, na alichokuwa akichunguza ni bakteria wanaoishi tumboni mwa popo. Alitaka kujua bakteria hao wanabadilikaje tangu popo anapozaliwa mpaka anapozeeka, na tangu jike anaposhika mimba mpaka anapoachisha ziwa. Akiulizwa na wageni anafanya kazi gani, alisema tu kwamba anachunguza mavi ya popo, kisha akanyamaza kidogo ili wamalize kucheka.

Nyumba yenyewe ilikuwa kubwa na kongwe, paa la vigae, dari ya mbao. Mwenye nyumba alikuwa mkunga mstaafu, mama ambaye nusu ya watu wa mtaa ule walipita mikononi mwake kabla ya kupita mikononi mwa mama zao. Aliishi na mwanawe wa pekee, fundi wa mapaa, mwanamume mrefu na mpole ambaye suala la kuoa aliliahirisha mwaka hadi mwaka mpaka watu wakachoka kumuuliza. Mtaani walimtania kwamba anaziba mapaa ya watu huku la mama yake limegeuka nyumba ya wageni. Na kweli, popo waliingia na kutoka kwa mwanya wa pembeni watakavyo, wakauchora ukuta kwa michirizi ya mavi, na harufu ikashuka mpaka sebuleni. Mama akachoka. Akamwambia mwanawe awatoe.

Fundi, badala ya kupanda na moshi kama majirani walivyomshauri, alikwenda kituo cha wanyama kuuliza, naye Daktari ndiye aliyetumwa. Alipanda darini, akashuka na utando wa buibui kichwani, akasema kwamba majike karibu wote wana mimba. Mwanya ukizibwa sasa, alieleza, watafia humo ndani, au watazaa na watoto kuoza juu ya vichwa vya wenye nyumba. Afadhali wasubiri mpaka watoto waruke. Na kwa kuwa ulimi ulikuwa umeshapata moto, akaomba ruhusa ya kuwachunguza muda wote huo wa kusubiri.

Mkunga alimtazama, akauliza jambo moja tu: kama ni kweli wana mimba. Alipohakikishiwa, akasema, "Basi wakae. Mja mzito hafukuzwi nyumbani kwangu." Tangu siku hiyo akawaita wazazi wake wa juu, na kila alipomwona Daktari alimuuliza habari zao kwa sauti ile ile aliyokuwa akiulizia hali za wagonjwa wa wodini.

Kazi ilikuwa ya alfajiri, popo wanaporejea kulala. Daktari alitega wavu mwepesi mbele ya mwanya, Fundi akashika ngazi. Kila popo aliyenaswa alitiwa kwenye kifuko cha kitambaa akaachwa atulie mpaka aangushe kinyesi. Kinyesi kikachukuliwa kwa kijiti cha pamba, kikatiwa kichupani, na kichupa kikaingia kwenye boksi la barafu. Kisha popo akapimwa uzito, akakunjuliwa bawa mbele ya tochi, akarudishwa darini kabla jua halijapanda. Fundi alifundishwa kutazama viungo vya vidole vya bawa: cha mtoto hupitisha mwanga, cha mkubwa ni kinundu kigumu. Alifundishwa pia kumtambua anayenyonyesha kwa manyoya yaliyonyonyoka kuzunguka chuchu. Siku ya kwanza kuonyeshwa hilo aligeuza uso pembeni kwa haya, na Daktari akacheka mpaka popo akamponyoka.

Kwa ajili ya usalama walivaa glavu na barakoa, hivyo walijuana kwanza kwa macho. Daktari aliyajua macho ya Fundi kabla hajaujua mdomo wake. Alijua yanavyofinyika pembeni akitabasamu, na yanavyotulia akipokezwa popo, utadhani anapokezwa yai. Kila kifuko kilipotoka mkono huu kwenda mkono ule, kulikuwa na kitambo kidogo ambacho hakuna aliyekuwa na haraka ya kuachia. Wahenga wamesema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Lakini hawa wawili walikuwa na barakoa.

Mara moja tu jambo lilikaribia kusemwa. Ilikuwa msimu wa kuzaa, wameketi chini ya ngazi wakisubiri, na Daktari aliona si haki kumwacha mtu wa watu aendelee kumtazama vile bila kujua. Akamwambia kwa maneno machache kwamba aliwahi kuolewa, hakuzaa, madaktari walisema tatizo ni lake, na mume akaletewa mke mwingine. Fundi akasema, "Nimesikia." Kisha akanyanyuka, akaenda kurekebisha mfereji wa maji ya mvua ambao haukuwa na ubovu wowote. Daktari akahesabu mlango huo umefungwa. Siku iliyofuata alikuja na uso wa kazi, naye Fundi akaja na ukimya wake, na kazi ikaendelea hivyo.

Sasa alfajiri ile popo wa mwisho alikuwa mkononi. Alikuwa jike. Daktari alimpuliza kifuani kwa upole, manyoya yakafunguka, akaona yameanza kuota upya pale yaliponyonyoka. Waliotangulia walikuwa hivyo hivyo, na watoto wote waliowakamata walikuwa na vinyesi vyenye vipande vya mabawa ya mende na nondo. Hakuna aliyekuwa akinyonya tena.

Alishuka ngazi polepole, akavua glavu, akavua barakoa.

"Wameachishwa," alisema.

"Wote?"

"Wote. Unaweza kuziba."

Fundi alivua barakoa yake pia. Aliitazama ngazi, akautazama mwanya, kisha akamtazama yeye, na mara hii hakuyahamisha macho.

"Ukiniambia nisubiri, nitasubiri," alisema.

"Nitakudanganyaje? Wanaruka. Umewaona."

"Nimewaona. Nilikuwa natumaini wewe hujawaona."

Daktari aliinamia boksi la barafu ili apate mahali pa kuuficha uso. Fundi akamwomba amfuate. Walizunguka nyumba mpaka nyuma, kwenye karakana yake iliyojaa mbao, maranda na harufu ya gundi. Juu ya ukuta wa nje, upande unaopata jua la asubuhi, kulikuwa na sanduku refu la mbao, jembamba kama kabati lililokosa vitabu, lililo wazi chini. Aliligonga kwa kidole. Akaeleza kwamba ndani alilikwaruza kwa msumeno ili kucha zipate pa kushika, na kwamba hakulipaka rangi kwa sababu aliwahi kumsikia akisema popo hawapendi harufu ya rangi.

"Nimewajengea nyumba, wasihangaike wakikuta mwanya umezibwa," alisema. "Na wewe usihangaike kutafuta sababu ya kuja."

Daktari alisimama akilitazama sanduku lile. Limekwanguliwa kwa msasa, pembe zake zimelingana, kazi ya jioni nyingi. Moyo ulimpiga kwa namna aliyodhani alishaiaga.

"Nilikwambia habari zangu," alisema. "Ukanijibu kwamba umesikia, ukaenda kutengeneza mfereji."

"Ulisema nisikujibu."

"Mimi?"

"Ulimaliza kusema, ukaongeza, 'Na usinijibu kitu.' Nikakutii. Nikasema huyu ameshafunga maneno, nikimlazimisha ataacha hata kuja." Alijikuna shingo. "Nilikuwa na jibu. Nimekaa nalo mpaka limeota mizizi."

"Lipi?"

"Kwamba ninakutaka wewe. Hilo la mtoto sikulifikiria nikalitupa. Nimelifikiria, nikakuta bado ninakutaka wewe. Leo namwambia Mama."

Angeweza kumshika mkono hapo, na Daktari asingeutoa. Hakumshika. Alisimama tu mbele yake, maranda yamemganda kwenye mikono ya shati, wakatazamana mpaka kengele ya mlango wa mbele ilipolia na sauti ya mwanamke ikasikika ikiuliza kama humu ndani watu wameamka au wamegeuka popo nao.

Huyo alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake Fundi, mwanamke mnene wa kicheko na wa habari. Hakuja bure. Walipokusanyika mezani kwa chai, Daktari naye akalazimishwa kuketi, Shangazi alitandaza alichobeba moyoni. Amemtafutia Fundi mke. Ni mshonaji, ana adabu, ametoka kwenye uzao wa watu wanaozaa mapacha. Aliyasema hayo huku akipaka siagi mkate, na alipomaliza kupaka akamgeukia Daktari akamshukuru kwa kuwashughulikia popo, akasema sasa wamekua, bila shaka ana nyumba nyingine za watu za kwenda.

Fundi alikiweka kikombe chini. Akasema kwa utulivu kwamba anamshukuru Shangazi, lakini mwanamke anayetaka kumwoa ameketi meza hii hii.

Chai ilipoa. Shangazi alimtazama Daktari kuanzia utosini, akashusha pumzi, na yakamtoka yote. Alikwishauliza, alisema, maana mjini hakuna siri. Mwanamke huyu aliolewa na watu fulani, akakaa kwao bila kuzaa, ukawa ugomvi, akarudishwa kwao. Yeye hamchukii, ila mtoto wa pekee hapewi mti usio na tunda. Fundi alianza kunyanyuka, uso umebadilika. Daktari alihisi miguu inamwambia ondoka, na alikuwa ameshalishika begi lake pale Mkunga alipougusa ukingo wa meza kwa kiganja.

"Wifi, kaangalie bustani yangu," alisema. "Na wewe, baba, nenda kazini kwako. Niachieni huyu."

Wakatoka. Fundi aligeuka mlangoni, akamtazama Daktari, naye Daktari akatikisa kichwa kidogo kumwambia aende.

Mkunga alivuta kiti karibu, akasema sikio lake la kushoto lilistaafu kabla yake. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye vidole virefu, kucha zimekatwa fupi mpaka leo, desturi ya kazi. Alivilaza vidole hivyo juu ya kitambaa cha meza.

"Aliyosema wifi yangu ni kweli?"

"Ni kweli, Mama. Ila ugomvi haukuwepo. Hilo tu ndilo ameongezewa."

"Na mwanangu anajua?"

"Nilimwambia mwenyewe, zamani kidogo."

Mkunga aliitikia kwa kichwa. "Wazazi wangu wa wodini walipokuwa wakinificha maumivu, nilikuwa nawaambia mficha uchi hazai." Alisita, akaona neno lilivyotua, akafumba macho. "Nisamehe. Ulimi hauna mfupa."

"Endelea, Mama."

"Basi na mimi nisifiche la kwangu. Mikono hii imepokea watoto wa watu mpaka nimesahau nyuso zao. Wengine wananisalimia njiani wana ndevu. Na kila nilipompokea mmoja, nilijiambia kuna mwingine ananisubiri mwisho, wa mwanangu. Nilikuwa namwona. Nilijua hata atakavyolia. Sasa naambiwa huyo haji."

"Siwezi kukwambia anakuja," alisema Daktari. "Na kama neno lako ni hapana, nitachukua vifaa vyangu niondoke leo. Sitamvuta mwanao huku wewe unamvuta kule."

"Sijasema hapana. Nimesema nilichokuwa nasubiri."

Kutoka nyuma ilisikika nyundo, mapigo mawili, kisha kimya, kisha pigo moja. Kazi ya mtu ambaye mawazo yake hayako kwenye msumari. Mkunga alitabasamu kidogo kuisikia. Akamimina chai mpya, na kama mtu anayetafuta pa kupumzikia, akauliza juu ya wale wazazi wa juu. Miezi yote hii ya kuchokonoa mavi yao, Daktari amepata nini?

Daktari alishangaa, lakini akajibu kwa sababu aliulizwa. Akaeleza kwamba tumbo la mtoto anyonyaye lina bakteria wa aina chache, na kadiri anavyoanza kula wadudu ndivyo wanavyoongezeka mpaka anafanana na wakubwa. Wenye mimba na wanaonyonyesha nao walikuwa na mchanganyiko wao, si sawa na majike wengine. Lakini lililomshangaza ni watoto walipokwisha kuachishwa. Alitarajia kila mtoto abaki na bakteria kama wa mama yake mwenyewe. Alipolinganisha, akakuta wanafanana na paa zima, na wale wote waliolala wakibanana nao.

Mkunga aliweka kikombe chini.

"Usinitolee mfano wa popo, mwanangu."

"Sikutolei mfano, Mama. Umeniuliza kazi."

Wakatazamana. Kisha Mkunga akacheka, kicheko kifupi cha puani ambacho Daktari alikuwa hajawahi kukisikia, naye akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, yote kwa pamoja. Mkunga alimwacha alie. Hakumwambia nyamaza, alikuwa amekaa na wanawake wengi wanaolia kiasi cha kujua kilio kina mwisho wake chenyewe.

"Sikiliza," alisema baadaye. "Nitakwambia ninachokiweza na nisichokiweza. Kumzuia mwanangu siwezi, na sitaki. Ananipenda, atanisikiliza, na nitakuwa nimemfanya mzee kabla ya wakati. Lakini kufurahi leo siwezi. Kuna siku mtoto wa jirani atapita amebebwa, na uso wangu utabadilika, na wewe utauona. Usije ukadhani nakuchukia. Nitakuwa namlilia yule niliyekuwa namsubiri. Utaweza kuishi na mtu wa namna hiyo?"

Daktari alimkumbuka mama mkwe wake wa kwanza. Yule alitabasamu tangu siku ya harusi. Alimpakulia kipande kizuri, alimsifia nguo, hakumuuliza lolote, na asubuhi moja akamwekea virago vyake sebuleni, vimefungwa vizuri, kwa tabasamu lile lile. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia panapouma. Alikuwa akiishi akisikiliza nyayo, akipima sauti za milango, bila kujua. Huyu hapa anamwonyesha kidonda chake mchana kweupe na kumuuliza kama anaweza kukaa nacho.

"Nitaweza," alisema. "Ila na mimi, Mama, kuna siku uso wangu utabadilika. Mtoto huyo huyo akipita."

Mkunga alimtazama kwa muda mrefu. Labda hakuwa amelifikiria hilo, kwamba kuna mwingine aliyekuwa akimsubiri mtoto asiyekuja, tena amemsubiri kwa mwili wake. Mkono wake mmoja ukavuka kitambaa cha meza, ukaufunika wa Daktari.

"Siku hizo tutapikiana chai," alisema. "Anayeweza ampikie asiyeweza."

Baada ya hapo hawakuzungumza mambo makubwa tena. Mkunga aliuliza kwao ni nani hupokea wageni, na Daktari akasema ni kaka yake mkubwa. Akauliza kama ni mtu wa maneno mengi. Daktari akakiri kwamba ni wa maneno mengi sana, hasa akipata wa kumsikiliza. Mkunga akasema afadhali; yeye siku hizi maneno yamemwishia, ila anaye wifi. Akanyanyuka, akafungua dirisha la bustani, akamwita Shangazi, akamwambia ajiandae na safari ya kwenda kuposa, na kwamba atakayeposewa ni huyu huyu. Kule nje Shangazi akauliza, kwa sauti iliyokwisha kukubali kushindwa, kama hiyo safari ni ya siku za karibu, maana viatu vyake vya maana viko kwa mshona viatu.

Kutwa nzima Fundi hakuambiwa kitu. Alikuja mara mbili kuomba maji ya kunywa, mara ya tatu akaja kuuliza kama kuna aliyeiona tepu yake ya kupimia, nayo ilikuwa inaning'inia mkandani. Mama yake alimwangalia na tepu yake, akamwambia akaitafute vizuri. Daktari alikuwa ameketi jikoni akimsaidia kuchambua mboga, na alipojaribu kumpa ishara, Mkunga alimkanya kwa jicho. Alitaka kusema na mwanawe mwenyewe, kwa wakati wake.

Jua lilipokuwa linazama, popo walianza kutoka. Walitoka mmoja mmoja kwanza, kisha kwa makundi, watoto na mama zao bila tofauti tena, wakachora hewani juu ya mtaa na kupotea kuelekea kwenye miti. Shangazi alisimama uani na kanga kichwani akihofia nywele zake. Fundi alisubiri mpaka mwanya ukawa kimya. Akaingia darini na tochi, akatambaa kutoka kenchi moja ya kubeba paa hadi nyingine, akimulika kila kona, na alipotoka akasema hakuna aliyebaki. Kisha akapanda ngazi na ubao wake na misumari. Daktari alishika ngazi chini. Aliusikia kila msumari ukizama, na hakuona huzuni aliyoiogopa asubuhi. Aliona tu mgongo wa mtu anayempenda ukifanya kazi anayoijua.

Alipotia msumari wa mwisho, mama yake alitokea mlangoni.

"Ukishuka, njoo ndani," alimwambia. "Peke yako."

Fundi alishuka. Alisimama mbele ya Daktari, nyundo mkononi, akamuuliza kwa sauti ya chini mama amesema nini. Daktari akamwambia akamsikie mwenyewe. Fundi alimtazama usoni akitafuta jibu pale, akakuta macho yamevimba kwa kulia na mdomo unaotaka kutabasamu, na ishara hizo mbili zikamchanganya zaidi. Akaingia ndani na nyundo yake.

Daktari alibaki ameishika ngazi ambayo haikuwa na mtu juu. Kupitia dirishani aliisikia sauti ya Mkunga, ndefu, ya chini, bila kuyapata maneno. Kisha sauti hiyo ikakatika, kikafuata kilio, na sauti ya Fundi ikimbembeleza mama yake. Daktari alitaka kwenda. Akajizuia. Kile kilikuwa kilio cha wenyewe wawili, cha mtu aliyemsubiri mjukuu na cha mtu aliyekuwa amletee, na walistahili kukimaliza bila mgeni. Shangazi, ambaye hakuwahi katika maisha yake kuuacha mlango usisikilizwe, naye alisimama pale uani kimya, na baada ya muda akaja akaushika upande wa pili wa ngazi. Wakaishika ngazi pamoja.

Giza lilikuwa linaanza kuingia Fundi alipotoka. Macho yake yalikuwa mekundu, nyundo ameiacha huko huko. Alikuja mpaka mbele ya Daktari, na mbele ya Shangazi yake, bila kujificha, akaichukua mikono ya Daktari yote miwili.

"Amesema nikuoe upesi, kabla hajabadili mawazo."

Daktari alitazama mlangoni. Mkunga alikuwa amesimama pale, mwembamba, anajifuta uso kwa pembe ya kanga, na hakuyakwepa macho yake.

"Basi tusimcheleweshe," alisema Daktari.